Mkono wa Kushoto: Siku Tuliyompeleka Mtoto Skauti Nakuru

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tumelelewa tukijua kwamba mkono wa kulia ndio mkono wa kheri. Jina lake lenyewe latosha kuwa ushahidi: ni mkono wa kulia chakula. Kwa huo twapokea, kwa huo twatoa, na kwa huo twaamkiana. Mtoto akinyosha wa kushoto hupigwa kikofi kidogo na mamake, naye hukua akijua. Basi fikiri mwenyewe nilivyoshtuka Jumamosi moja mjini Nakuru, nilipomwona mwalimu mtu mzima, mwenye heshima zake, akimnyoshea mjukuu wangu mkono wa kushoto mbele ya wazazi chungu nzima, na kumngoja aushike.

Kabla ya kusimulia yaliyofuata, yafaa nieleze nilifikaje huko.

Nakuru si ugenini kwangu. Dada yangu mkubwa aliolewa huko miaka mingi iliyopita, na nyumba yake iko Bondeni, mojawapo ya mitaa ya kale ya mji ule. Reli ilipokwenda bara, watu wetu nao walipanda nayo: wapishi, mafundi, wachuuzi na walimu wa chuo. Wengine walirudi, wengine wakalowea. Ndiyo maana hata leo, katika mji huo wenye ziwa la heroe upande mmoja na kasoko ya Menengai upande wa pili, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, utasikia adhana alfajiri, na ukipita kichochoro fulani utanusa mahamri.

Mtoto wa dada yangu, yaani mpwa wangu, ana duka la vipuri vya magari huko. Mwanawe wa pili ana umri wa miaka 11. Siku moja mtoto huyo alirudi nyumbani na barua ya shule: wazazi wa watoto wanaotaka kujiunga na skauti waombwa kuhudhuria mkutano, Jumamosi saa tatu za asubuhi. Usiku uleule mpwa wangu alinipigia simu.

"Mjomba," aliniambia, "mama asema wewe umesoma vyuo vyote viwili, cha Kurani na cha Kizungu. Tafadhali njoo unisaidie kukataa."

Nikamuuliza anakataa kwa sababu gani. Akanihesabia. Kwanza, Jumamosi ni siku ya madrasa. Pili, kule kambini mtoto atakula nini na atasali wapi? Tatu, wanaapishwa, na kuapa ni kwa Mwenyezi Mungu tu. "Na ya nne?" nikauliza, maana nilimsikia akisita. "Ya nne nitakwambia ukifika," akasema.

Nilipanda gari nikaenda, na moyoni nilikuwa na langu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa rika la mtoto huyo, skauti wa shule yetu walikuwa wakipita njiani na skafu zao shingoni, nami nikiwatazama kwa kijicho kupitia dirisha la chuo. Nilimwomba marehemu baba ruhusa. Akasema hapana, na maneno yakaishia hapo. Jumamosi ilikuwa siku ya kusoma, na juzuu haikumngoja mtu. Simlaumu. Chuo kile ndicho kilichonipa lugha ninayoilia riziki hadi leo. Lakini nimezeeka nikiona kwamba baba hakwenda hata siku moja kumuuliza mwalimu wa skauti kama hakuna saa nyingine, wala mwalimu hakuja kubisha hodi kwetu kumuuliza baba anachelea nini. Watu wawili waliomtakia mtoto mema waliishi mji mmoja wasisemezane.

Basi Jumamosi hiyo tuliketi chini ya miti ya uwanja wa shule, wazazi wapatao 40, wa kila kabila la Bonde la Ufa na sisi wa pwani tukiwa kona yetu. Watoto walipandisha bendera, tukasimama, wimbo wa taifa ukaimbwa. Kisha mwalimu anayewaongoza, kijana wa miaka thelathini na kidogo, akaanza kueleza.

Alisema neno lenyewe ni la kijeshi: skauti ni mtu anayetangulizwa mbele kupeleleza njia. Hapo nikakumbuka kwamba Waarabu nao huwaita kashafa, kwa mzizi uleule wa kufunua uliotupa sisi neno kashfa. Kumbe neno moja laweza kumfunulia mtu njia, na laweza kumfunulia aibu. Yategemea limeshikwa na nani.

Mwanzilishi, akaendelea, alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, Robert Baden-Powell. Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20, watoto wa matajiri na wa maskini pamoja, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea. Mwaka 1908 akatoa kitabu chake, na baada ya miaka miwili tu, 1910, skauti wakawa wamefika Kenya. Mzee huyo alikuja kumalizia umri wake Nyeri, ng'ambo ya pili ya milima ya Nyandarua ukitoka Nakuru. Alihamia huko 1938, akafa tarehe 8 Januari 1941, akazikwa hukohuko. Juu ya kaburi lake pana duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaambia wenzake: nimekwenda nyumbani.

Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu akanyosha kidole. "Huyo alikuwa mkoloni," akasema. "Na hapa tulipokaa palikuwa mashamba ya Wazungu. Baba yangu hakuweza kulala Nakuru bila kipande."

Mwalimu hakubisha. Alikiri kwamba wakati wa ukoloni watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walikuwa na makundi yao mbalimbali, ilhali kanuni ya chama yenyewe yasema skauti ni ndugu wa kila skauti. "Kanuni ilikuwa nzuri kuliko walioishika," alisema. "Sisi tumeichukua kanuni." Baada ya Uhuru chama kikawa cha Wakenya, na mwaka 1973 mkutano wa skauti wa dunia nzima ulifanyika Nairobi.

Hapo akatupa majina ya madaraja, na mimi kama mtunzi nilifurahi kuyasikia, kwani ni Kiswahili kitupu. Wadogo, wa miaka 6 hadi 11 hivi, huitwa Sungura. Wanaofuata hadi miaka 15 hivi ni Chipukizi. Wale wa hadi 18 ni Mwamba, na vijana waliovuka hapo mpaka miaka 26 ni Jasiri. Wavulana na wasichana wote hupokewa. Watoto hugawanywa katika vikundi vya sita hadi wanane, na kiongozi wa kikundi ni mtoto mwenzao. Yeye ndiye anayeulizwa nani hajala, nani ameumwa, nani amechelewa.

Akatuonyesha saluti. Vidole vitatu vya katikati husimama, kwa sehemu tatu za ahadi: wajibu kwa Mungu na nchi, kuwasaidia watu wengine, na kuitii kanuni ya skauti. Kidole gumba hulala juu ya kidole cha mwisho, maana yake mwenye nguvu amkinge mnyonge.

Ndipo akaanza kuwapokea watoto wapya mmoja mmoja. Alipofika kwa wetu akanyosha mkono wa kushoto. Mtoto akamtazama babake. Mpwa wangu akasimama.

"Mwalimu, niwie radhi," alisema. "Sisi hatupeani mkono wa kushoto. Kwetu ni matusi."

Uwanja ukanyamaza. Mwalimu aliuteremsha mkono wake polepole, asikasirike. Akasema: "Baba, asante kwa kusema. Wengine hunyamaza, halafu mtoto simuoni tena." Kisha akaeleza. Skauti husimulia kwamba mwanzilishi wao, alipokuwa na jeshi la Waingereza katika nchi ya Waashanti mwaka 1896, aliona kwamba shujaa akitaka kumwonyesha mtu imani humpa mkono wa kushoto. Kwa nini? Kwa sababu mkono wa kulia hushika mkuki na wa kushoto hushika ngao. Kumpa mtu mkono wa kushoto ni kuiweka ngao chini na kubaki huna kinga.

Nilinyosha kidole nami. Nikasema kisa ni kizuri, lakini historia ina mkia wake: jeshi hilohilo lilimkamata mfalme wa Waashanti, Prempeh, na mwishowe akahamishwa mpaka visiwa vya Shelisheli, akakaa huko hadi 1924. Walioweka ngao chini ndio waliotekwa.

"Ni kweli," alijibu mwalimu. "Kwa hivyo simfundishi mtoto kwamba aliyekianza chama alikuwa malaika. Namfundisha maana ya kuweka ngao chini, kwa sababu hapa Nakuru twaihitaji."

Aliposema hivyo mpwa wangu, ambaye alikuwa bado amesimama, akaitoa ile sababu ya nne.

"Mwalimu, mwisho wa Januari 2008 nilikuwa na miaka 19. Niliona vijana wamepangwa safu, wana fimbo, wana viongozi, wanatii amri. Wengine nilikuwa nimecheza nao kandanda. Leo wanitaka nikupe mwanangu apangwe safu na kupewa fimbo. Nani atakayemwamuru? Na atamwamuru nini?"

Ndugu msomaji, wewe uliye pwani pengine wakumbuka mambo hayo kwa redio. Wao wayakumbuka kwa macho. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 yaliua watu zaidi ya 1,100 nchini, na Bonde la Ufa ndilo lililoumia zaidi. Nakuru yenyewe ilitiwa amri ya kutotoka nje usiku, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukawa mji wa mahema. Ngao hazikuwekwa chini mpaka mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 yalipotiwa sahihi Nairobi, na kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa limekwisha kuonja moto huohuo 1992 na 1997. Swali la mpwa wangu halikuwa la utovu wa adabu. Wazazi wengi walikuwa wanalo, na nyuso zao zilisema hivyo.

Mwalimu alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nililala katika mahema hayo miezi minne. Sitawadanganya kwamba skauti ingeyazuia yale, haikuyazuia. Wako waliovaa skafu shuleni na bado wakaenda. Ninaloweza kuwaambia ni hili. Vikundi vyangu sivipangi kwa lugha wala kwa mtaa. Watoto wanane wa makabila manne hupika sufuria moja mwaka mzima, na akiugua mmoja wanajua kwao ni wapi. Amri zipo, lakini mzazi aweza kuja siku yoyote, bila kupiga simu, akasikiliza ni amri gani. Siku nikimwamuru mtoto jambo nisilotaka wewe ulisikie, siku hiyo mtoe."

Akawaita watoto wanne wa daraja la Chipukizi. Wakachukua fimbo mbili na blanketi, wakazikunja upesi wakafanya machela, wakamlaza mwenzao mnene kuliko wote na kumbeba kuzunguka uwanja asianguke. Mwalimu hakuongeza neno. Mpwa wangu aliketi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu, na nayaandika kwa sababu yatamfaa mzazi yeyote, awe Nakuru, Malindi au Kisauni.

Kuhusu kiapo niliombwa nami niseme. Nilisema kwamba maneno yenyewe ni ahadi, si kiapo. Mtoto huahidi kwa heshima yake kwamba atajitahidi. Ahadi ni deni, na dini yetu yatutaka tulilipe. Tena sehemu ya kwanza ya ahadi hiyo ni wajibu wake kwa Mungu. Ikiwa mtoto ameahidi kutimiza wajibu wake kwa Mungu, basi mwalimu hawezi tena kumnyima wakati wa sala. Ahadi aliyompa yeye mwenyewe itamhukumu. Mwalimu alicheka akasema hiyo hoja hakupata kuisikia, akaiandika.

Kuhusu kambi, walipatana kwamba ratiba itaacha nafasi ya adhuhuri na alasiri, maji ya kutawadha yatakuwapo, na nyama itachinjwa na Mwislamu ili wote wale chungu kimoja. Baba mmoja wa Kisomali alijitolea kuleta mbuzi na mchinjaji.

Kuhusu mkono, waliafikiana hivi: nje ya mkutano na mbele ya wazee, mtoto wetu ataamkia kwa mkono wa kulia kama alivyolelewa. Wa kushoto ni alama baina ya skauti na skauti tu, na mtoto asiyeutaka asilazimishwe.

Mama mmoja aliuliza lililokuwa zito kuliko yote: nani atakayekaa na watoto usiku? Ni swali la lazima. Kule Marekani chama kikubwa cha skauti kililazimika Februari 2020 kuiomba mahakama kinga ya kufilisika, na waliojitokeza kudai kwamba walinajisiwa utotoni walipita 80,000. Kwa miaka mingi wazazi waliamini sare, wasiulize. Mwalimu alijibu kwamba mtu mzima hakai faraghani na mtoto peke yake. Daima wawe watu wazima wawili, wazazi wajue majina yao, na barua ya ruhusa iwe na sahihi. Mama yule akasema yeye atakwenda kambini kupika. Akakubaliwa papo hapo.

Lililobaki ni madrasa, na hilo halikuisha vizuri. Mwalimu aliahidi kuusogeza mkutano uwe alasiri wiki mbili kwa mwezi. Wiki nyingine hakuweza, kwa sababu wako watoto wanaotoka mbali. Basi wiki mbili mtoto wetu atakwenda skauti, na wiki mbili atakosa. Si kamili, lakini ni zaidi ya nilivyopata mimi.

Kuna watakaosema skauti si jambo letu. Wao nawakumbusha kwamba nchi yenye skauti wengi kuliko zote duniani ni Indonesia, ambayo ndiyo yenye Waislamu wengi kuliko zote. Na mwenye kujaaliwa kuhiji atawakuta skauti wa Saudia kule Mina, wakiwashika mkono wazee waliopotea mahema yao. Hapo hakuna anayeuliza chama kilianzia kisiwa gani.

Sisemi kila mtoto aingizwe skauti. Nasema mzazi asikatae kwa kutouliza, wala asikubali kwa kutouliza. Mpwa wangu alikuja kukataa, lakini alikuja. Aliketi, akasema lililomkera mbele ya watu, akajibiwa.

Tulipokuwa tukiaga, mwalimu alimnyoshea mpwa wangu mkono wa kulia. Mpwa wangu akaupokea kwa mikono yote miwili, kama tunavyompokea mtu tunayemheshimu. Kisha tukaharakisha, maana saa sita ilikuwa imekaribia na mtoto alikuwa bado hajaipitia sura yake ya madrasa. Alikwenda mbele yetu mbio, akiwa na kipande cha kamba mkononi, akifunga fundo na kulifungua. Nilimwita nikamwonyesha jingine, lile nililofundishwa na mabaharia. Alilifunga vibaya mara mbili. Ya tatu likashika.